Daktari, Watoto Wako Wanasoma kwa Lugha Gani?

Jumamosi iliyopita tulimzika rafiki yangu mtafiti, daktari wa chuo kikuu, kule kisiwani Rusinga, nami nimerudi Migori nikiwa na hasira naye. Najua si adabu. Kwetu marehemu husifiwa. Hata mwizi wa ng'ombe akifa tutaambiwa kaburini kwamba alipenda mifugo. Lakini ninyi wasomaji wangu mnanijua, sina kipaji cha kumsifu mtu eti kwa sababu amelala chali. Tangazo la kifo chake nililisikia redioni asubuhi, kikombe cha chai mkononi, likitaja shahada zake zote, kisha hospitali ya Nairobi alikofia, kisha siku ya mazishi. Nililia, sitawaficha. Nilimpenda yule mtu, na ndiyo maana hasira yenyewe haitaki kunitoka.

Tulikutana Muhuru Bay, mwanzoni mwa miaka hii ya tisini. Mimi nilikwenda kutafuta habari za mpakani, yeye alikuwa na kinasa sauti kimening'inia begani, akipita katikati ya wanawake waliokuwa wakianika omena, dagaa wa ziwani, akiwauliza babu zao walitoka wapi na nyumbani wanazungumza lugha gani. Utafiti wake ulihusu Wasuba, watu wake mwenyewe, ambao wazee wao walihamia huku kutoka pande za Uganda na Tanganyika, wakakaa na Wajaluo, wakaoana nao, wakakishika Dholuo, hadi wajukuu wengi hawajui tena kwamba kulikuwa na lugha nyingine nyumbani. Mwanamke mmoja alimtazama kuanzia viatu hadi miwani, akamjibu: "Andika vile unataka. Kwa chifu mimi Mjaluo. Kwa mama mkwe mimi Msuba. Nikivuka hapo Tanzania na samaki yangu, mimi Mkenya tu. Sasa unataka nani nikuitie?" Rafiki yangu alicheka mpaka akakaa mchangani. Jioni hiyo, hata hivyo, hakuwa akicheka. Aliniambia kwamba kanuni inataka mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo, na kwamba ofisini walikwisha kuamua zamani kuwa lugha ya eneo hili lote ni Dholuo, basi. "Hakuna aliyemuuliza mtoto!" alisema, akaipiga meza ngumi, soda yangu ikamwagika. Ile hasira yake ndiyo iliyonifanya nimpende.

Baada ya muda akapewa ruhusa ya kuanzisha darasa la kwanza la kufundishwa kwa Kisuba katika shule moja upande wa Mbita. Nilihudhuria mkutano wa wazazi. Lo, yule bwana alijua kusema! Alihama kutoka Kisuba hadi Dholuo, akaingia Kiswahili, akamalizia Kiingereza kwa ajili ya maofisa, wala hakukwama. Wazazi walikuwa na hofu, na hofu yao ilikuwa ya haki: mtihani wa darasa la nane unakuja kwa Kiingereza, sasa hiki Kisuba kitamfikisha wapi mtoto? Yeye akawaeleza kwamba mtoto akishajua kusoma kwa lugha anayoielewa, hizo nyingine atazipata upesi. Watu wakaanza kutikisa vichwa kwa kukubali. Ndipo akasimama mama mmoja, muuzaji wa omena hapo sokoni Mbita, leso kiunoni, akasema: "Daktari, nikuulize kitu moja tu. Hao watoto yako ya Nairobi, wanasoma na lugha gani?"

Daktari akatabasamu. "Mama, hilo ni swali zuri sana," akasema, akamwonyesha mzazi mwingine kidole ili aulize lake. Yule mama hakukaa. "Nangoja," akasema. Akangoja kweli, amesimama peke yake kati ya madawati, mpaka mwalimu mkuu akamwomba aketi kwa sababu maofisa walikuwa na safari. Mnisikie vizuri: pamoja na hayo yote, mama huyo alimwandikisha binti yake katika darasa lile. Nami nilirudi pale muhula uliofuata nikawakuta watoto wakisoma hadithi na kuicheka kabla mwalimu hajawaambia kwamba inachekesha. Walikuwa wanaelewa. Kazi yake ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa tapeli ningekwisha kumsahau.

Siku ile ya mkutano tulikwenda kula samaki katika hoteli moja pale mjini, nikamuuliza swali la yule mama. Akasema watoto wake wanasoma kwa Kiingereza, na Kiswahili wanajiokotea mtaani. "Na Kisuba?" Akasema, "Nairobi ni kwingine, bwana. Pale nyumbani hakuna mtu wa kuongea nao Kisuba." Nikamuuliza, "Kwani wewe si mtu?" Akaacha kula. Akaniambia kwamba alipokuwa shuleni alichekwa kwa lugha yake, akaitwa mtu wa kuja, na kwamba aliapa wanawe hawatachekwa na yeyote. Nikamwambia, "Kumbe hawa wa Mbita ndio wachekwe?" Tukagombana hapo, sauti juu, mpaka mwenye hoteli akaja kuuliza kama samaki ana kasoro. Tulipatana baadaye, kama marafiki wanavyopatana, kwa kutolitaja jambo lenyewe tena.

Laiti angekuwa peke yake! Wako wengi, na baadhi yenu mnaosoma hapa mnajijua. Uchaguzi ukikaribia kila mmoja anakumbuka yeye ni nani, Mjaluo, Mkuria, Msuba, na yuko tayari kumchukia jirani yake kwa jina hilo. Ukabila wa kupigia kura tunao wa kutosha. Lugha ya kumsemesha mtoto wakati wa chakula, hiyo tunaionea haya. Mtu anasafiri hadi semina ya hotelini kulia kwamba lugha yake inakufa, utadhani imeshikwa na malaria, kisha anarudi nyumbani na kumkaripia mtoto kwa Kiingereza. Lugha inauawa sebuleni, na anayeiua ni baba mwenye gazeti mkononi. Halafu watoto wa maskini ndio wapelekewe darasa la kuifufua, wapigwe picha, waandikwe kwenye kitabu. Huo ni ujeuri, na nilimwambia hivyo akiwa hai, kwa hiyo siogopi kuurudia leo.

Sasa niwapeleke Rusinga. Magari yalivuka tuta la kuingia kisiwani yakatujaza vumbi, wenzake wa chuo kikuu wakasoma hotuba ndefu za Kiingereza, mhubiri akahubiri kwa Dholuo. Mama yake mzazi, aliyeolewa hapo kutoka kisiwa cha Mfangano ambako Kisuba bado kinazungumzwa, alikaa kando ya jeneza. Dholuo anakijua sana, ndicho anachotumia na majirani. Lakini kwa mwanawe huyo, wa pekee, alizungumza Kisuba tangu akiwa mgongoni, na siku hiyo alikataa katakata kusema kingine. Hotuba zilipokwisha alimwita mjukuu wake mkubwa, kijana mrefu aliyekuja na suti, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba ndiye aliyekaa na baba yake hospitalini hadi mwisho. Akamuuliza jambo. Kijana hakuambulia hata neno. Mtu mmoja akalirudia kwa Dholuo, kijana akatikisa kichwa kwamba hata hicho hakijui. Bibi anamtazama mjukuu, mjukuu anatazama jeneza, na sisi wasomi tumejaa pale na tai zetu.

Aliyejitokeza ni yule mama wa omena wa Mbita, yule wa swali la mkutanoni. Alikuja akachuchumaa kati yao, akamsikiliza bibi, kisha akamgeukia kijana kwa Kiswahili chetu cha sokoni: "Nyanya yako anauliza, baba alisema nini mwisho?" Kiswahili nakipenda, ndicho kinachonilisha. Lakini huku kwetu ndicho tunachomsemesha mteja na askari, na nilichoka moyo kuona mjukuu akisemeshwa nacho na bibi yake kana kwamba amekuja kununua samaki. Kijana akajibu polepole, na yeye hana kosa, mnielewe. "Mwambie shosho, daddy alikuwa anaongea. Usiku wote. Kitu moja, anarudia tu. Lakini alikuwa anaongea kikwao. Hatukuelewa. Hata manesi hawakuelewa."

Mama wa omena akamgeukia bibi. Nilidhani atalipamba jibu, na kusema kweli nilimwombea alipambe. Hakulipamba. Akamwambia bibi vilevile lilivyo. Bibi akauweka mkono wake juu ya jeneza, akasema maneno machache, na mama wa omena akayaleta kwetu huku machozi yanamtoka: "Anasema, basi alikuwa anaongea na yeye, mama yake. Anauliza, ni nani alimjibu?"

Hakuna aliyemjibu, wala siku ile hospitalini, wala pale kaburini. Tukashika majembe tukafukia. Sasa msiniandikie barua za kunieleza kwamba Nairobi ni kwingine, au kwamba mtoto atachekwa, kwa sababu hayo niliyasikia kutoka kwa mtu aliyejua kuyasema kuliko ninyi. Mimi nawaambia hili tu: kuna lugha utakayoombea maji siku ambayo homa itakuwa imekusahaulisha zile nyingine zote. Hiyo ndiyo umfundishe mwanao, tena uanze leo, ungali na nguvu ya kumrekebisha.