Leo nimeandikwa kwamba sifanyi mazoezi

Leo nimeandikwa kwenye fomu kwamba sifanyi mazoezi. Nimechefukwa mpaka chai ya saa nne imenishinda.

Nimetoka Kasulu kuja kubeba zege hapa Sakina. Nina miaka ishirini na tatu. Ghorofa tunalojenga halina ngazi bado, tunapanda kwa ubao.

Asubuhi akaja huku juu dada wa chuo, anapima vijana wanavyosimama bila kuyumba. Anataka kujua kama mazoezi yanasaidia.

"Kaka, kwa wiki unafanya mazoezi mara ngapi?"

"Napandisha ndoo za zege kila siku, Jumapili tu napumzika."

"Hiyo ni kazi. Nauliza mazoezi."

Akaandika: hafanyi.

Kijana wa mwenye ghorofa, naye alikuwepo, anaenda jimu. Yeye akaandikwa anafanya.

Tukasimama kwa mguu mmoja, macho tumefumba. Wa jimu akashika ukuta mapema sana. Mimi nikasimama mpaka fundi akafoka, "Wewe korongo, zege linaganda."

Dada akatazama saa, akatazama karatasi.

"Kaka, wewe nitakutoa. Unaniharibia majibu."

Yaani kusimama vizuri ndiyo kuharibu. Nikamwambia basi abadilishe alichoandika. Akakataa.

Wakati wa kushuka akakwama katikati ya ubao, anayumba.

"Kaka, nishike mkono, nitaanguka."

Nikamshika. Mkono wangu wa pili ulikuwa na ndoo.

Mliosoma mniambie, hapo nilikuwa kazini au mazoezini?