Pikipiki iliyokuwa inatonesha petroli, na kopo nililoliweka chini yake

Vijana mnaosoma humu, hasa nyie wa bodaboda. Shikamoo zenu nimezipokea hata kama hamjazitoa.

Mimi ni bibi wa Itaka, Mbozi. Shule niliishia darasa la nne, mkiona herufi imekosewa piteni. Ninayoandika ni ya kweli, na sehemu mbaya kuliko zote niliifanya kwa mkono wangu.

Naishi na mjukuu wangu Obadia na mkewe Enesi. Obadia anabeba abiria kwenda Vwawa.

Mvua zilizopita pikipiki yake ilianza kusumbua. Asubuhi anapiga kiki mpaka jasho linamtoka. Ikiwaka inakohoa, inatoa moshi mweusi, na mafuta inakunywa kama ng'ombe wa mnadani.

Akalaumu petroli ya chupa ya Tunduma. Akabadilisha anakonunua, ikawa vilevile.

Akaweka plagi mpya. Siku ya pili ilikuwa nyeusi kama masizi ya chungu.

Fundi mmoja wa Vwawa akazungusha skrubu ya hewa kwenye kabureta, akasema imepona. Ilifika nyumbani ikikohoa.

Mimi niliona kitu kimoja. Tulikuwa tunailaza jikoni kwa sababu ya wezi. Kila ikilala, kale kampira chini ya kabureta kanatoa petroli, tone, tone.

Nikamwambia, "Obadia, pikipiki yako inakojoa kama mzee."

Akacheka. "Bibi, nawe umekuwa fundi? Zote ziko hivyo."

Lakini kwangu kitu hakimwagiki bure. Nikachukua kopo la rangi, nikakinga. Likifika nusu namrudishia kwenye tanki. Kopo nilikuwa naliweka juu ya kichanja, palepale pa mafuta ya taa.

Enesi sikumwambia.

Asubuhi moja Obadia ameshaondoka, magunzi yameloa, moto haushiki. Enesi akachukua kopo akamimina kwenye mafiga. Chini kulikuwa na makaa ya jana, bado hai.

Nilikuwa barazani nachambua maharage. Nilisikia kishindo kama mtu anakung'uta blanketi zito. Halafu sauti yake.

Nilimfunika kwa blanketi la kitandani kwangu. Mengine siandiki.

Hospitali alikaa miezi miwili. Siku aliyoweza kuongea vizuri aliniambia, "Bibi, nilijua ni mafuta ya taa."

"Najua. Kopo nililiweka mimi."

Akageukia ukutani.

Baadaye Obadia alimleta fundi mwingine, mzee wa hapahapa Itaka. Kabla hajashika spana akauliza, "Ukiipaki, inatonesha?"

Obadia akanitazama mimi.

Mzee akaiwasha, akaiacha inakohoa, akafunga koki ya petroli. Ikatulia. Ikaunguruma safi kama dakika moja, kisha ikazimika. Akasema kabureta inafurika.

Akaifungua, akatoa sindano ndogo inayoziba njia ya petroli boya la ndani ya kabureta likipanda. Ncha ilikuwa imelika. Kadude kadogo kuliko punje ya hindi. Akaweka nyingine, mchana uleule ikapona.

Enesi yuko nyumbani. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vimeshikana. Kahawa imeiva, anachuma kwa kushoto, na mimi nachuma mstari wa pembeni yake. Hatuongei sana.

Kwa hiyo vijana, ikikohoa na kutoa moshi mweusi, kabla ya plagi, kabla ya kulaumu watu wa Tunduma, inama uangalie chini. Funga koki ikiwa inawaka uone kama itatulia. Yale matone ndiyo yalikuwa ugonjwa wenyewe, na mimi niliyakinga kwa kopo.

Mwenye la kuongeza aandike hapa chini. Hata wa kunilaumu aandike, nitasoma.

Kwangu nimeshasema, na Obadia amesikia: pikipiki inalala nje na mnyororo, koki inafungwa kabla mtu hajavua kofia, na petroli haivuki mlango wa jiko, hata tone.