Daka la Ghubra na Kosa Lake

Jamani, aibu hii nimeibeba miaka na nyumbani kwangu hakuna asiyeijua, kwa hivyo bora muisikie kwangu mwenyewe kuliko kwa mke wangu, maana yeye akiisimulia lile daka langu la mpira huliruka akabakisha upuuzi mtupu, na mie daka langu siliachi nje, wallahi siliachi.

Ilikuwa kabla ya mwaka sabiini, Ghubra, huku Uarabuni, ingali uwanda wa changarawe na miti ya miiba. Nlikuwa karani wa stoo kwenye kampuni ya kuchimba mafuta, nimetoka Unguja baada ya mapinduzi, nnakaa Matrah kwa ndugu wa baba yangu, Ami Seif. Ami kule kwetu alikuwa na shamba la karafuu, na hapa hana hata mche mmoja, basi akajifungia ndani. Barazani hatoki, sokoni hendi, ukimwamkia anakuitikia huku anautazama ukuta. Mtu aliyekuwa akibishana na watu tangu alasiri mpaka magharibi! Iliniuma, na nikajiapiza lazima nimtoe mule ndani.

Sasa pale kazini Wamarekani walikuwa na mchezo wao wa Ijumaa, beisiboli, mafundi wa karakana dhidi ya wachimbaji wa kambi ya jangwani, na sisi mafundi (ndio upande wangu) tukapungukiwa mtu wa kusimama nyuma kabisa, kule mpira unakoruka mbali. Nikasema mimi hapa. Kriketi nimeicheza Unguja tangu mdogo, mpira wake mgumu kama jiwe na tunaudaka mikono mitupu, huu utanishinda nini? Wakanipa glavu, nikaikataa. Doni, fundi mmoja mtu mzima aliyekuwa akiweka hesabu za mchezo, akacheka mpaka akakohoa. Akanambia kwao kila mchezaji wa nyuma huwekewa hesabu yake tangu enzi za mababu, umedaka mara ngapi, umerusha ukamtoa nani, umekosea wapi, na wale wa kale waliokuwa wakidaka mikono mitupu kama mie makosa yao ni chungu nzima, hata waliokuwa hodari.

Basi yangu mie hayakuwapo. Msimu wote wa baridi wenzangu na glavu zao wanaandikiwa makosa, mie safu yangu nyeupe peee. (Nliringa, sifichi. Nani asingeringa?) Nikaenda kumwambia Ami, "Ijumaa hii gemu la mwisho, njoo umwone mtoto wa Unguja anavyowafunza Wamarekani mchezo wao." Nikamsihi siku kadhaa, mwisho akakubali, nikamtafutia nafasi mbele kwenye lori na jamaa zetu wakajaa nyuma.

Na hapa ndipo nilipojichimbia kaburi. Kabla hatujaanza Doni akaniita, "Njoo nikueleze, ukishadaka na kuna watu kwenye vituo wanangoja kukimbia, inakuwaje." Nikamjibu, "Najua, najua," maana nlikuwa na haraka ya kumteremsha Ami. Kumbe sijui! Siku zote nikidaka nlikuwa nampasia tu mwenzangu wa karibu, kwa adabu, nikidhani mambo yamekwisha.

Tukafika mwisho tunaongoza kwa mabao mawili, wachimbaji wana mtu kwenye kila kituo. Jibaba lao moja likaupiga mpira ukapaa juu kule, mie nikageuka nikaupa mgongo nikakimbia, nikaruka, nikaunyaka kwa mkono mmoja, nikabiringika kwenye changarawe, nikainuka nao. Hadi leo kiganja kinanikumbusha! Sasa kwetu kwenye kriketi ukishadaka, mpigaji katoka, na mpira umekufa. Nami nikafanya tunavyofanya kwetu, nikaurusha juu kwa nguvu zangu zote.

Upepo ukauchukua ukaenda kuangukia wadini, kwenye mkondo mkavu wa mto, chini ya mti wa miiba. Jamaa zangu wakaingia uwanjani wanapiga kelele, wakaninyanyua mabegani. Kwa mbali nawaona mafundi wenzangu wanaruka-ruka na kupunga mikono, nikasema mashaallah, wananishangilia, nami nikawapungia. Kumbe kwao ukishadaka, walio vituoni wanaruhusiwa kukimbia, na kila anayeingia ni bao! Yule wa kituo cha tatu akakimbia akaingia, wa pili akaingia, na wa kwanza naye akaingia anatembea. Mwenzangu alipoutoa mpira kwenye miiba, shati limechanika, wachimbaji wanacheza ngoma. Tumeshindwa kwa bao moja, na mie bado niko mabegani mwa watu!

Ningeomba ardhi ipasuke, lakini Ami keshamfikia Doni, kashika fimbo. Nikalazimika kutafsiri, na uso unaniwaka.

"Mwambie, mpira uligusa chini?"

"Anasema haukugusa, Ami."

"Mpigaji katoka, hakutoka?"

"Katoka."

"Sasa hilo kosa analoandika ni la nani?"

"Langu, Ami. Mpira ulikuwa bado hai."

"Hai! Mkononi mwa mtu!" Khe, akaanza kumpa hoja moja baada ya nyingine, anapiga fimbo chini, macho yanang'aa, Doni anamsikiliza kakunja mikono, na Wamarekani wamekusanyika kuwatazama. Doni hakutetereka. Akasema kwa upole, "Kudaka, moja. Kosa, moja."

Ami akaegemea fimbo yake. "Haya, basi naandike la kudaka mwanzo."

Doni akaandika, akamwonyesha.

Wenzangu hawakunisemesha wiki nzima, na walikuwa na haki. Nami nimeapa kwamba mtu akitaka kunieleza jambo, hata kama nalijua kama jina langu, nitakaa nimsikilize mpaka amalize. Asubuhi baada ya gemu nikamkuta Ami kavaa kilemba, anatafuta viatu, nikamuuliza, "Wapi, Ami?" Akanambia, "Barazani. Wapo ambao hawakuja jana, nani atawaeleza?"

Akaenda kuieleza Matrah nzima aibu yangu, na nikamfungulia mlango mwenyewe.