Wivu kwa Aliyefukiwa Nyumba

Nilimwonea wivu mdogo wangu. Nimelikana hilo kwa muda mrefu, kanisani na mezani, kwa hiyo naliandika sasa kabla sijapata kisingizio cha kulifuta. Haukuwa wivu wa mali, maana hakuwa nayo. Tope lililoteremka kutoka Mlima Hanang liliifukia nyumba yake pale Jorodom, yeye na watoto wakatoka na nguo za kulalia. Nilichomwonea wivu ni huzuni yake. Ilikuwa na sababu.

Mimi huku Tumati nilikuwa na nyumba kavu, ng'ombe wawili wa kisasa, na mume anayerudi nyumbani na akili zake. Lakini asubuhi nilishindwa kuinuka kitandani. Nilisema ni malaria. Kipimo kilipokataa, nikasema basi ni taifodi. Ningelia, watu wangeuliza nani amefariki. Mdogo wangu alilia waziwazi, na akina mama wa jumuiya wakakaa naye kwa zamu. Nilipokwenda kumwona nililia kuliko yeye. Wakanipa pole ya mdogo wangu, nikaipokea yote bila aibu, kana kwamba ni yangu.

Halafu nikafanya kosa la msomi. Chuo kikuu nilisoma saikolojia, na nimeandika makala kadhaa kuhusu saikolojia chanya, jinsi mtu anavyoweza kuujenga moyo wake kwa kuyatambua mema anayoyapata. Nikamnunulia daftari.

"Kila jioni andika mambo matatu mazuri ya siku hiyo," nikamwagiza.

Mimi mwenyewe sikuwa na daftari.

Miezi ikapita, akapata nafuu. Hilo ndilo ambalo sikumsamehe. Nilimkuta Katesh, kwenye chumba alichopanga, akiwasomea wenzake: "Leo mbwa wa jirani hakula yai langu." Chumba kizima kikacheka.

"Dada yangu huyu ndiye kanifundisha," akasema kwa fahari.

"Mwalimu, tusomee na la kwako!" akadakia mama mmoja.

"Nimelisahau nyumbani."

"Haya, taja moja tu la leo. Hata hiyo chai!"

Nikasema chai. Wakanipigia makofi kama mtoto wa chekechea.

Niliporudi nyumbani nikatafuta daftari tupu, nikaandika: Nina nyumba. Chini yake nikaandika tena: Nina nyumba. Nikaona aibu kwa kila nilichonacho, na aibu ile ikanirudisha kitandani. Wiki nzima sikukamua ng'ombe.

Jumatatu mdogo wangu akapiga simu.

"Shikamoo dada."

"Shikamoo," nikajibu.

Nikasikia kuku wa kwake.

"Dada, umeniamkia mimi?"

Nilitaka kusema ulimi umeteleza. Huku kwetu hata mlevi hamwamkii mdogo wake. Badala yake nikaanza kulia, nikamwambia yote: malaria ya uongo, daftari, hata wivu.

"Ulinionea wivu mimi? Pamoja na lile tope?"

"Pamoja na lile tope."

"Ama kweli umesoma."

Nikacheka huku makamasi yakinitoka. Nikamuuliza mbona yeye daftari limemponya na mimi limenilaza.

"Limenisaidia, sikatai. Ila dada, mimi nahudhuria kliniki ya afya ya akili tangu mwezi wa pili baada ya tope. Nakunywa dawa. Kuna nesi ananisikiliza mpaka namaliza. Sikukwambia, maana ulikuwa unalifurahia sana hilo daftari lako."

Nikajifuta makamasi kwa kanga.

"Alhamisi ni siku yangu," akaendelea. "Panda basi la asubuhi, tukae foleni pamoja."

"Nimwambie nini baba wa watoto?"

"Mwambie unaumwa. Kwani huumwi?"

Nikasema ndiyo, naumwa. Akaniambia nije na sweta, benchi la pale linapigwa na upepo.