Mama Vifuko: Miaka 26 akikunja pasta kwa kidole kilichoinuliwa

Saa tatu na nusu asubuhi, lifti ya mizigo inafunguka ghorofa ya tisa na Mama Vifuko anatoka akihema kana kwamba amepanda ngazi.

"Lifti hii inanichosha kuliko ngazi," anasema. "Muda wote nasali isikwame."

Anavua viatu vya njiani, anavaa vya jikoni, anafunga kitambaa kichwani na kunawa mikono hadi viwikoni. Kisha anamwaga unga juu ya meza ya mbao, anaufanyia shimo katikati na kuvunja mayai humo.

Nje ya jiko, kwenye paa, viti bado vimegeuzwa juu ya meza na miavuli imefungwa. Jioni watakuja watu waliopendeza, watazipiga picha kokteli zao kabla ya kuzinywa, watakula chakula cha Kiitaliano huku taa za mji zikimetameta chini yao. Mama Vifuko hatakuwepo. Saa kumi alasiri huwa keshashuka, yuko sokoni anabishana bei ya nyanya.

Ana umri wa miaka hamsini na saba. Vifuko vilivyompa jina ni pasta ndogo zilizojazwa jibini na spinachi, kila kimoja ukubwa wa kidole gumba. Kwa siku hukunja mia nne. Sahani moja ina kumi na viwili tu, na bei yake, kwa hesabu yake mwenyewe, ingelisha nyumba yake siku nne.

"Mimi nisingeagiza hata kwa kulazimishwa," anasema na kuangua kicheko. "Lakini nikisikia sahani zimerudi tupu, nalala vizuri."

Namna ya kukunja si ngumu kueleza. Unakata unga uliokandwa na kusukumwa vipande vya mraba, unaweka kijazo, unakunja pembetatu, halafu unaizungusha kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto na kubana ncha mbili. Kazi imekwisha.

Ila Mama Vifuko hafanyi hivyo. Yeye huzungusha kwenye kidole cha kati, na kile cha shahada hukiinua juu, kimenyooka, kama mwanafunzi anayeomba kujibu swali. Amekunja hivyo miaka ishirini na sita, na kwa miaka ishirini na mitano na ushee hakuwa na habari kwamba anakiinua.

Alifika hapa kuosha vyombo. Mumewe alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, binti yao ana miaka minne, na kodi ya chumba ilikuwa imemfika shingoni. Mgahawa wenyewe ulikuwa na meza kumi na mbili, viti vya plastiki na redio moja iliyoshika stesheni mbili. Mwenye mali alikuwa mzee Mwitaliano, mpishi wa mikono yake mwenyewe, aliyeotesha mimea ya viungo kwenye makopo ya rangi kando ya ukuta wa paa.

Asubuhi moja msaidizi wa pasta hakutokea. Mzee alichungulia kwenye karai la vyombo, akamtazama yule mama mikono yake, akamwita kwa kidole.

"Kiswahili chake kilikuwa maneno matatu," anakumbuka. "Tazama, bado, na haya. Basi! Akikunja, ananiambia tazama. Nikikunja, ananiambia bado. Miezi minane, kaka yangu, naambiwa bado! Usiku nilikuwa naota bado. Halafu siku hiyo akachukua kifuko changu, akakigeuzageuza, akasema, haya. Nilitamani kumkumbatia, lakini nilikuwa nimejaa unga mpaka kwenye nyusi."

Kumbukumbu za siku zile hazimwishi. Anasimulia jinsi mzee alivyomwagilia makopo yake akiwa amevaa fulana ya ndani, na jinsi alivyogombana na redio. Anasimulia saa tisa alasiri, kabla wateja hawajaja, wafanyakazi wote wakila meza moja na mzee mwenyewe akipakua. Siku hizi wanakula kwa zamu, wamesimama, sahani mkononi.

Shahidi wake ni mhudumu wa kaunta ambaye wote humwita Barafu, aliyeanza kazi mwaka mmoja baada yake.

"Mzee alikuwa na kinywaji chake chekundu, kichungu kama dawa, na kipande cha chungwa juu," anasema Barafu huku akifuta glasi zilizokwisha kung'aa. "Na dada yangu huyu alikuwa hanywi pombe. Mzee akanikataza kumpa maji kwenye kikombe. Nilimtengenezea ndimu, sukari na maji ya gesi, kwenye glasi ile ile ya mguu mrefu wanayolipia matajiri. Alikuwa akiishika kama yai!"

"Nisiivunje nikatwe mshahara," Mama Vifuko anadakia.

Mzee alirudi kwao akiwa mgonjwa, na huko akafariki, sasa ni miaka kumi na mmoja. Amezikwa ambako hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika. Picha yake moja imebaki kaunta, kati ya chupa. Anatabasamu, na mkono wa kushoto ameuficha mfukoni.

Aliuficha kwa sababu haukuwa na kidole cha shahada. Mashine ya kukatia nyama ilikichukua akiwa kijana, na hakupenda kutazamwa.

Mwanzoni mwa mwaka huu alikuja mpishi mkuu mpya, kijana wa miaka thelathini na nne aliyesomea upishi nje, anayeitwa Shefu na kila mtu. Siku ya pili alisimama nyuma ya Mama Vifuko, akatazama, akakuna kidevu.

"Mama, samahani. Kidole kina maumivu?"

"Kidole gani?"

"Hicho unachokiinua."

Mama Vifuko akautazama mkono wake. Akawatazama akina mama wawili aliowafundisha, waliokuwa wakikunja upande wa pili wa meza. Vidole vitatu viko juu.

"Loo, nilibaki mdomo wazi!" anasema. "Nilijua siku zote kwamba mzee hana kidole. Sikujua kwamba na mimi nakunja kama mtu asiye na kidole. Na wenzangu nao, masikini, hata hawakumwona huyo mzee!"

Barafu aliposikia alicheka mpaka akaketi chini. "Nilimwambia dada, shukuru Mungu mzee hakunifundisha kupima pombe kwa kidole kile, ningewauzia watu glasi tupu."

Kicheko hakikudumu. Kidole cha kati ni kinene, kwa hiyo kifuko cha Mama Vifuko kina tundu kubwa katikati na kimeinamisha shingo upande. Wamiliki wapya walioununua mgahawa wana migahawa mitatu na wanataka kila sahani ifanane na picha iliyo kwenye orodha ya vyakula. Shefu alipewa mambo mawili achague: jiko lijifunze kukunja inavyotakiwa ndani ya wiki mbili, au vifuko vinunuliwe kiwandani vikiwa vimegandishwa na meza ya unga iondolewe.

Alimweleza bila kuzunguka. Mama Vifuko alikwenda nyumbani, akakaa mezani na binti yake, ambaye sasa ni mwalimu, na kipande cha unga.

"Nilimshauri aache kazi," anasema binti. "Nilimwambia, mama, umefanya kazi vya kutosha, mimi nipo. Akaukunja tu ule unga. Halafu akaniuliza, nikiacha, mkono wa mzee utabaki wapi?"

Hakuacha. Asubuhi alikishusha kidole, kikapanda. Akakishusha tena. Alijaribu hata kukifunga kwa uzi. Siku ya tisa alikunja trei nzima, vifuko sitini, vyote vikiwa vile vile kama kwenye picha, na Shefu akasema, "Hapo sawa kabisa, Mama. Meza inabaki."

Wenzake walipiga makofi. Yeye akaaga kwamba anakwenda stoo kuchukua unga, akajifungia huko, akalia.

"Watu wanadhani nililia kwa furaha," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mikono yake inasimama. "Nililia kwa sababu ilikuwa rahisi. Nilidhani mkono utakataa. Miaka ishirini na sita, nikajua huu hauwezi kumsahau. Siku tisa tu! Siku tisa, na mzee hayupo tena mkononi mwangu."

Shefu ndiye aliyegonga mlango wa stoo. Anakiri kwamba alidhani kuna gunia limemwangukia.

"Nilimuuliza anataka nini," anasema Shefu. "Nilitegemea ataomba likizo, au nyongeza. Akaniomba trei moja."

Trei moja, kila Jumanne, ya chakula cha wafanyakazi, ikunjwe kwa kidole kilichoinuliwa. Haitatoka nje ya jiko, haitapigwa picha. Shefu alikubali palepale, kisha naye akaomba lake: aonyeshwe.

Leo ni Jumanne. Saa nane mchana, vifuko vya wateja vimekwisha kuingia kwenye friji, na Shefu ananawa mikono na kusimama kando ya Mama Vifuko. Anazungusha unga kwenye kidole cha kati. Kidole cha shahada kinachelewa, kinapanda nusu, kinatetemeka.

"Bado," anasema Mama Vifuko.

"Jamani, Mama, hata hiki?"

"Bado, mwanangu. Tazama."

Amebakiza miaka mitatu kustaafu. Akiulizwa anatarajia nini katika muda huo, hataji nyumba wala biashara. Anamtazama bosi wake aliyeinama mezani, ulimi nje kidogo, akipambana na kipande cha unga.

"Huyu anakiinua kwa kukumbuka," anasema kwa sauti ya chini. "Naomba Mungu nimwone siku moja amekiinua bila kujua."