Kona ya Lundquist

Nitasema mapema kwamba sina subira na watu wanaosema barabara ni barabara tu. Dada Keziah alipita barabara moja ya jimbo kwa miaka tisa, siku tano kwa wiki, na hakuna kiongozi aliyewahi kumuuliza anaionaje.

Keziah ni Mmeru wa Kenya, mama wa miaka hamsini na mbili, mkaazi wa Fridley, Minnesota. Kazi yake ni kuwatunza wazee katika nyumba ya wazee iliyo Nordby, mji mdogo mwendo wa saa nzima kaskazini. Mimi ni Imaculata, Mtanzania, mwanafunzi wa uuguzi, na nilikuwa nikipanda gari lake pamoja na Wambui, tukifanya kazi palepale. Tulikuwa tukitoka saa kumi na moja alfajiri. Barabara hiyo inaaga viwanda na nyumba za kupanga, inavuka reli, kisha yanaanza mashamba ya mahindi na soya. Maili ishirini nzima hugeuzi usukani. Halafu, katikati ya tambarare, bila mlima wala mto wa kulaumiwa, inakata kulia ghafla, inalizunguka shamba moja, na kurudi kwenye mstari wake. Hapo ndipo Kona ya Lundquist. Januari gari letu liliteleza pale juu ya barafu likatumbukia mtaroni. Mimi na Keziah tulitoka na michubuko. Wambui alivunjika nyonga.

Majira ya kuchipua jimbo likatangaza kwamba barabara itakarabatiwa, na kona itanyooshwa. Tulishukuru Mungu. Wiki chache baadaye kamati ya barabara ya kaunti ikapiga kura kona iondolewe kwenye mpango. Karatasi ya kamati ilieleza kwamba tangu mwaka 1934 barabara imezunguka kinamasi, na kwamba kona hiyo ni sehemu ya historia yake. Historia! Mtu avunjike mifupa ili historia isisumbuliwe.

Keziah alimsomea Velma, mmoja wa wazee tunaowatunza, karatasi ile huku akimchana nywele. Velma ana miaka tisini na sita, na kazaliwa hukohuko. Alicheka mpaka akakohoa.

“Kinamasi? Hapakuwa na kinamasi. Kulikuwa na Lundquist.”

Akamweleza. Zamani ilikuwa njia ya mikokoteni, imenyooka. Jimbo lilipokuja kuipanua na kuimwagia kokoto, mstari ulipita kwenye ngano ya Lundquist, tajiri aliyekuwa akila chakula cha jioni na wakubwa wa barabara. Mstari ukahamia kwa baba yake Velma. Alilipwa bei ya ng’ombe mmoja, kisha akaajiriwa kibarua, akachimba kona ile kwa koleo lake ndani ya shamba lake. Mwenye nguvu mpishe, tunasema sisi, na tunavyoisema utadhani ni hekima.

Kamati iliita kikao cha kusikiliza maoni ya watu kwenye ukumbi wa shule ya Nordby; siku hiyo Wambui alikuja nasi na magongo yake, na Keziah alivaa suti yake ya kanisani.

“Ima, leo lazima niongee,” aliniambia tukiegesha gari. “Nime-sign up kabisa.”

“Dada, hawa wana-time watu. Ni dakika tatu tu.”

“Dakika tatu zinamtosha mtu mwenye adabu.”

Mwenyekiti wa kamati tulimfahamu wote. Mama yake anakaa chumba namba sita, ukuta mmoja na Velma, na Keziah ndiye anayemwogesha kila asubuhi. Huyo bwana huja Jumapili na kutupita kama viti. Lakini kazi yetu ina sheria: habari za mkaazi ni siri, hata kusema tu kwamba fulani anaishi pale. Ukiivunja, kazi huna. Basi Keziah alikwenda kwenye kipaza sauti akiwa amelifungia mdomoni neno lake zito kuliko yote.

Na hapo akaharibu. Kwao Meru huvamii hoja mbele ya baraza kama mgambo. Akawasalimu. Akamshukuru mwenyekiti, akawashukuru wajumbe, akawashukuru walimu kwa ukumbi. Akajitambulisha: jina, ukoo, alikotoka, mwaka alioingia Minnesota, kanisa lake, na salamu za mchungaji. Mimi nilikuwa nakunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Akafika pale pa “jambo lililonileta hapa ni hii kona,” na karani, dada mmoja aitwaye Rachelle, akagonga kengele.

Watu wakacheka. Kicheko kile bado ninacho.

“Unaishi kaunti hii?” mwenyekiti akauliza.

“Fridley, bwana.”

“Basi maoni yako tutayaandika kama ya mpita njia.”

Mpita njia! Miaka tisa ya kuwaogesha wazazi wao! Nikainuka nusu. Keziah akanitazama mara moja tu, nikakaa.

Jina lililofuata lilikuwa la Velma. Gari la nyumba ya wazee lilikuwa limemleta, kwa sababu alitaka kuwaona kwa macho watu wa kinamasi. Alisukumwa mbele kwenye kiti chake cha magurudumu, na hakumsalimu mtu.

“Baba yangu aliichimba kona hiyo kwenye shamba lake mwenyewe, akilipwa kibarua. Hiyo ndiyo historia mnayoitunza.” Akavuta pumzi, akamnyooshea mwenyekiti kidole. “Na huyu mpita njia ndiye anayemwogesha mama yako. Januari, siku gari lao lilipoingia mtaroni, hakuna aliyeingia vyumbani mwetu mpaka saa sita mchana. Nilimsikia mama yako akiita. Mimi sijaajiriwa na mtu, kwa hiyo ninasema.”

Mwenyekiti alimgeukia Keziah, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kumtazama usoni.

“Ni kweli? Mama alikaa saa zote hizo amelowa?”

Keziah alisimama, akanyoosha suti yake.

“Bwana mwenyekiti, sheria ya kazi yangu hainiruhusu kuzungumza habari za mkaazi yeyote mbele za watu.”

Mwenyekiti akaomba kura ipigwe upya, na kona ikarudishwa kwenye mpango, inyooshwe, kura tano kwa sifuri. Watu wakapiga makofi. Keziah alilia, akanikumbatia, akamshukuru Mungu kwa Kimeru.

Mimi sikupiga makofi. Wambui alikuwa amekaa kando yangu tangu mwanzo wa kikao, magongo mapajani, na ripoti ya ajali yenye jina lake ilikuwa mezani mbele ya wajumbe wote watano; nyonga yake haikuwagusa, aliyewagusa ni mama wa mwenyekiti.