Tjitske na Matone ya Bangi

Wanawake wengi wa mtaa wetu hapa Makkum tulitengenezwa nywele na Tjitske Hoekema. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, na mikono yake ilikuwa myepesi kiasi kwamba ungeweza kusinzia akikukata.

Kisha baridi yabisi ikamwingia. Vidole viliamka vimevimba, vyekundu, vya moto, na mkasi ukawa unamponyoka. Hospitalini walimweleza kwamba kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo inayoshambulia viungo, wakamwanzishia sindano za kila wiki. Uvimbe ulipungua lakini maumivu yalibaki, na usingizi ukamhama. Siku moja nilimkuta mbele ya sufuria ya viazi alivyoshindwa kuvimenya, analia kwa hasira.

Daktari wake ndiye aliyetaja mafuta ya bangi, yale yanayotolewa na duka la dawa kwa cheti. Hakumficha kitu. Alisema kwa ugonjwa huo ushahidi bado ni mdogo: wengine yanawapunguzia maumivu wakalala, wengine hawaoni tofauti. Tjitske akakubali kujaribu.

Aliyepinga ni mdogo wake, Wiebren, polisi mstaafu, ambaye kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kupanda ngazi hadi kwenye madari ya watu na kung'oa bangi iliyooteshwa humo kwa siri. Alipoiona chupa mezani alikaa bila hata kuvua koti.

"Dada, mimi nimewatia watu ndani kwa ajili ya kitu hiki."

"Basi nitie na mimi," Tjitske akamjibu. "Ila kwanza nifungulie hicho kifuniko, vidole vimegoma."

Akakifungua, akaondoka, na kwa muda mrefu hakukanyaga tena pale.

Wateja nao wakapata la kuchekea. Bi Aukje, akiwekewa rola, aliuliza kama kwa mafuta yale nywele zake sasa zitasimama zenyewe. Tjitske alicheka naye. Matone yale ya chini ya ulimi yalimkausha mdomo, na mwanzoni yalimpa kizunguzungu, lakini alikuwa analala, na akiamka alikuwa na nguvu ya kupambana na siku.

Hapo ndipo alipoteleza. Sindano zilimtia kichefuchefu, na mtandaoni alikuwa amesoma habari za watu walioapa kwamba mmea huo unazima kila uvimbe. Akaacha sindano bila kumwambia mtu. Mwanzoni alijiona ameshinda. Baadaye ugonjwa ulirudi kwa kishindo, ukashika mikono, magoti, hata taya. Wiebren, aliyekuja hatimaye kumjulia hali, alimkuta hawezi kushika kikombe. Alimbeba mpaka kwenye gari.

Daktari hakumgombeza. Alimweleza kwamba mafuta yalimpoza maumivu tu, huku viungo vikiendelea kuliwa ndani kwa ndani. Sindano ndizo zilizokuwa zinavilinda. Wiebren akauliza, kwa sauti yake ya kipolisi, kama chupa ile itupwe. Daktari akasema hapana, kama inampa usingizi aendelee nayo, mradi sindano zisiachwe.

Njiani Tjitske alisubiri kusimangwa. Mwishowe akauliza mwenyewe.

"Mbona husemi kitu?"

"Niseme nini, dada? Ningekuwa nakuja, ningekuona. Mimi nilikuwa nimenuna."

Tangu hapo Wiebren ndiye anayekwenda kuchukua dawa. Siku moja, kwenye foleni, mzee mmoja alimgusa bega. Alikuwa mtu aliyewahi kung'olewa miche yake na Wiebren huyohuyo.

"Afande, na wewe umo?"

"Ni ya dada yangu."

"Mimi nilikwambia ni ya mama yangu. Ukanicheka."

Wiebren aliuliza mama yule anaendeleaje. Akaambiwa alishafariki. Akasema pole, na akatusimulia yote haya bila kujitetea.

Vidole viwili vya Tjitske havikunyooka tena, na saluni aliifunga. Siku aliyoung'oa ubao wa saluni pale mlangoni hakutaka mtu karibu naye. Lakini kila Alhamisi bado tunakwenda kwake, kwa kahawa na mkate wa sukari. Tunatengenezana nywele wenyewe kwa wenyewe, vibaya, naye anatuongoza kwa mdomo kutoka kwenye kiti cha wateja. Juzi aliniambia Bi Aukje hajawahi kutoka pale na nywele mbaya namna ile, na kwamba rola si misumari ya kupigilia. Usiku wa kuamkia siku hiyo Tjitske alikuwa amelala vizuri.